UZI: The Office ya Uingereza na ile ya Marekani, kwa nini mi nasimama na Waingereza

Mkaa_Dirishani (mleta mada)

Wakuu salaam. Humu jukwaani kila ikitajwa The Office, ile komedi ya TV ya maisha ya ofisini iliyoigizwa kama dokyumentari, watu wanamaanisha ile ya Marekani tu, Michael Scott, Dwight, Jim anaangalia kamera, vipande vinasambaa kila siku kwenye simu, na ukimuuliza mtu kama ameiona ile ya mwanzo ya Uingereza anakwambia "nilijaribu ikanishinda, yule bosi anakera" au "ina huzuni sana ile". Leo nataka tuongee kwa kirefu maana mi naamini ile ya Uingereza ndo kazi kubwa zaidi, na sababu yangu sio hii ya kila siku kwamba Waingereza utani wao mkavu na Wamarekani wana moyo laini. Tahadhari tu, natoa siri za mwisho wa zote mbili, ambaye hajaangalia apite kwanza.

Kwa wageni kwa ufupi. Ya Uingereza ilianza BBC Two Julai 2001, imeandikwa na kuongozwa na Ricky Gervais na Stephen Merchant, ofisi ya kampuni ya karatasi inaitwa Wernham Hogg, tawi la Slough, mji ulioko magharibi ya London. Misimu miwili ya epsodi sita sita, halafu epsodi mbili za Krismasi 2003, jumla 14, wakafunga. Ya Marekani ilianza NBC Machi 2005, aliyeijenga ni Greg Daniels, karatasi hizo hizo ila kampuni ni Dunder Mifflin na mji ni Scranton, Pennsylvania. Ikaenda misimu 9, epsodi 201, mpaka Mei 2013.

Sasa chukua epsodi ya kwanza ya zote mbili uziweke pembeni, maana Wamarekani walianza kwa kuinakili ya Waingereza karibu neno kwa neno. Stepla imewekwa ndani ya jeli, ipo huku na kule. Bosi anamwita dada wa mapokezi mbele ya kijana mgeni, anamwambia amemkamata anaiba vikaratasi vya kunatisha kwahiyo anamfukuza kazi, dada anaanza kulia machozi ya kweli, bosi anaona utani umemharibikia anasema nilikuwa natania. Maneno yale yale, ila angalia nini kinafanyika kwenye uso wa yule bosi. David Brent, bosi wa Uingereza anayechezwa na Gervais mwenyewe, hakuangalii wewe wala yule dada, anamwangalia yule kijana mgeni kuona kama amependeza, na akishakwama anabaki na lile tabasamu lake anashika tai. Anataka kupendwa na huyu mgeni aliyemjua leo asubuhi, na machozi ya mtu aliyefanya naye kazi miaka ni kitu kinachomsumbua tu njiani. Steve Carell, anayemcheza bosi wa Marekani Michael Scott, kwenye tukio hilo hilo anacheza mtu mkorofi, na ndo maana msimu ule wa kwanza wa Marekani haukukaa vizuri, walivaa nguo ya mtu mwingine. Ukorofi wa Brent umetokana na njaa, ukiuchukua ukorofi ukaacha njaa unabaki na bosi mbaya tu.

Hoja yangu ni hii, na nitaitetea mpaka mwisho wa uzi. Ile ya Uingereza inasema kazi ya mshahara inakula maisha ya mtu taratibu na hakuna anayegundua, na mwenye akili anatakiwa aondoke. Ile ya Marekani ilianza na kusema hivyo hivyo kisha ikaogopa, ikageuza ofisi kuwa familia. Na familia mtu haihami.

Karibuni.

---

Binti_Pongwe

Nakaa hapa mbele kabisa. Uzi kama huu haujapita siku nyingi.

---

Omosh_254

Mkuu heshima zako lakini hapa siko na wewe hata kidogo. Hiyo ya Uingereza nimeiangalia yote, na nakubali Gervais ni moto, lakini hiyo ya Amerika kuwa familia si uoga, ni kazi ngumu waliifanya. Msimu wa kwanza ulikuwa epsodi sita tu na watu hawakuipenda, NBC karibu waitupe. Halafu Agosti 2005 filamu ya Carell ikatoka ikafanya vizuri sana, na Daniels na waandishi wake wakakaa chini wakajiuliza huyu Michael tumpe nini ndio mtu akae na yeye kwa miaka. Wakambadilisha hadi nywele. Wakampa kitu Brent hana, Michael anajua kuuza. Ile epsodi ya msimu wa 2 anaenda na bosi wake Jan kukutana na mteja wa kaunti, Jan anataka hoteli ya heshima, Michael anahamisha mkutano mgahawa wa Chili's, anakula mbavu, anaimba wimbo wa tangazo la mbavu, Jan anaona aibu hadi anataka kupotea, na mwisho wa usiku Michael ndio anafunga hiyo biashara. Hapo unaelewa kwa nini huyu jamaa alipewa kiti cha meneja. Alikuwa muuzaji mzuri sana na wakamwekea watu wa kusimamia, kazi hawezi. Hiyo ni kweli kabisa ya maofisi mengi, mimi nimeiona kwa macho yangu.

Na kama unataka kuongea kuhusu moyo, niambie kuhusu maonyesho ya Pam, yule dada wa mapokezi. Msimu wa 3. Pam ako na maonyesho ya michoro yake shuleni jioni, amealika ofisi nzima na hakuna watu. Mpenzi wake Roy anakuja anaangalia haraka haraka anaenda zake. Oscar wa ofisini anakuja na mpenzi wake, wanaanza kukosoa michoro na hawajui Pam amesimama nyuma yao anasikia kila kitu. Ameshaanza kutoa picha kwa ukuta, tayari kwenda nyumbani. Ndio Michael anaingia, na huyo Michael ametoka kuaibishwa vibaya kwa darasa la biashara la Ryan, kijana wa ofisini, siku hiyo hiyo. Anasimama mbele ya mchoro wa jengo la ofisi yao. Anaona dirisha lake. Anaona gari lake, anauliza kama lile lingine ni la Pam. Anasema anataka kuununua, anamwambia Pam anajivunia yeye, na Pam anamkumbatia kwa nguvu. Hakuna mzaha pale, ni watu wawili ambao siku iliwavunja. Brent angeweza? Brent angekuja na gitaa.

---

Mkaa_Dirishani

Omosh umeleta tukio zuri kuliko yote kwenye ile ya Marekani na nimefurahi umeleta hilo maana linanisaidia mimi. Lile tukio linanigusa kila nikiliona, sibishi. Lakini fuatilia ule mchoro unaenda wapi baada ya hapo. Michael anaubeba anaenda kuuning'iniza ukutani ofisini. Pam anachora ili siku moja atoke pale mapokezi, na kitu bora alichochora ni jengo la ofisi, na anayekinunua ni bosi, na kinarudi kukaa ofisini miaka yote mpaka epsodi ya mwisho kabisa 2013 ndo Pam anaushusha anaondoka nao. Wamarekani wenyewe nadhani waliliona hilo ndo maana wakaliweka mwishoni.

Sasa nenda kwa Dawn, dada wa mapokezi wa Uingereza. Dawn naye anataka kuwa mchoraji wa vitabu vya watoto, na mchumba wake Lee anayefanya kazi stoo anamkatisha tamaa. Kwenye epsodi za Krismasi ameshahamia Florida na Lee, wamerudi Slough kwa ajili ya sherehe tu, tiketi zimelipwa na wale wanaotengeneza dokyumentari. Wanabadilishana zawadi za siri ofisini. Anaondoka na Lee kwenye teksi, anafungua zawadi yake, ni seti ya rangi za mafuta, na ndani kuna kile kikaratasi alichomchora Tim, mfanyakazi mwenzake anayempenda, na Tim ameandika juu yake asikate tamaa kamwe. Dawn analia pale kwenye siti ya nyuma, Lee yupo pembeni yake, na kamera inakaa na uso wake muda mrefu. Anarudi kwenye sherehe peke yake. Unaona tofauti? Michael anamwambia Pam mchoro wako ni mzuri njoo tuuweke hapa kwetu. Tim anamwambia Dawn chukua rangi uende. Zawadi ile inamtoa mtu ofisini.

Na kuhusu mapenzi nitasema hili afu nipumzike. Tukio la Tim la msimu wa 2, epsodi ya mwisho. Tim yuko anahojiwa na kamera, anaongea kwa utulivu kuhusu Dawn kwamba yameisha, ghafla anasimama katikati ya sentensi anatoka, anaenda kumchukua Dawn anamwingiza kwenye chumba cha mikutano, anafunga mlango, na kabla ya kusema chochote anachomoa maiki kwenye nguo. Sauti inakatika. Kabisa. Sisi tunaona kwa nje kupitia vioo tu, anaongea, Dawn anasikiliza, wanakumbatiana vile watu wanavyokumbatiana wakiwa wanaagana. Anatoka, anarudi kukaa kwenye meza yake, anavaa maiki, anatuambia amekataa. Jim, ambaye ndo Tim wa Marekani, anamwambia Pam kwenye maegesho ya magari usiku wa kasino na tunasikia kila neno, chozi tunaliona, na baadae wanabusiana. Ni tukio zuri na Carell mwenyewe ndo aliandika epsodi ile. Ila Tim alitunyima. Aliona hicho kitu ni chake na yule dada sio cha kwetu sisi tuliokaa kwenye kochi, na mpaka leo sijaona komedi nyingine iliyomheshimu mhusika wake hivyo.

---

DadaWaReading

Habari zenu. Mimi nipo huku Uingereza, Slough napita na treni kila nikienda Paddington, kwahiyo niseme kidogo.

Kwanza Slough sio kijiji cha huzuni kama watu wanavyodhani, ni mji wa kazi, una eneo kubwa sana la viwanda na maofisi, watu wa kila taifa wapo. Lakini kwa Waingereza jina lenyewe linatosha watu kucheka, ni sehemu ambayo mtu anafanya kazi kwa sababu hakupata London. Scranton nayo ina historia yake, ulikuwa mji wa makaa ya mawe, migodi ikafa, watu wakabaki. Kwahiyo nadhani Wamarekani walichagua vizuri, wote wawili wamechukua mji ambao mtu anajikuta yupo.

Ila kitu kikubwa ambacho watu wa nje hawakioni ni sheria za kazi. Ile ya Uingereza msimu wote wa kwanza unaning'inia kwenye jambo moja, tawi la Slough au la Swindon litafungwa na watu watapunguzwa. Huku kupunguzwa kazini ni mchakato, kuna mashauriano, kuna malipo ukishafika miaka miwili, unapewa barua, inachukua muda. Kwahiyo watu wa Slough wanakaa miezi wakijua kuna upanga juu ya kichwa na wanaendelea kunywa chai. Na Brent mwenyewe anapopunguzwa msimu wa 2 anapewa hela, na ile hela anaitumia kurekodi wimbo wake na video yake, tunaiona kwenye Krismasi. Mtu amelipwa kwa kuondolewa, anaenda kununua ndoto aliyokuwa anawapigia watu gitaa nayo.

Sasa Marekani sehemu nyingi mwajiri anaweza kukuondoa leo hii bila maelezo marefu. Na kuna bima. Epsodi ya tatu kabisa ya ile ya Marekani ni ya bima ya afya, Michael anatakiwa achague mpango wa bei rahisi, anaogopa kuchukiwa, anamsukumia Dwight, na Dwight anakata kila kitu. Epsodi hiyo huku haiwezi kuandikwa, maana toka 1948 tuna NHS, huduma ya afya ya serikali, bosi wako hana la kusema kuhusu jino lako wala figo yako. Mfanyakazi wa Scranton akiacha kazi anaacha na hospitali. Mkaa, unaposema Wamarekani waliogopa kuwaambia watu waondoke, mimi nakwambia kule kuondoka kuna bei nyingine.

---

Mkaa_Dirishani

Dada wa Reading umenipa kitu cha kulala nacho. Hilo la bima ni zito na linaeleza mengi, hata kwa nini Jim anabaki miaka yote ile na kipaji chake, hasa akishakuwa na mke na watoto.

Ila angalia Tim. Tim wakati wa kuondolewa Brent anapewa kiti cha meneja, anakikataa, anamtaja Gareth, mwenzake wa meza ya jirani. Yani mwenye uwezo anakataa na asiye na uwezo anapewa, na hakuna muziki wa huzuni wala nini, maisha yanaendelea, Krismasi tunamkuta Gareth ndo bosi. Kuondoka kwenyewe Tim hakuweza, alikuwa anaishi kwa wazazi wake akatimiza miaka 30 pale pale. Waingereza hawakusema kuondoka ni rahisi.

---

Omosh_254

Sasa unaona, hata Tim wako hakuondoka! Hiyo ndio point yangu yote. Watu wengi duniani hawataondoka, wako na karo ya watoto, wako na loan. Ile ya Amerika inaangalia hao wanaobaki na inasema sawa, umebaki, sasa hawa watu 15 mko nao kila siku mtaishi aje. Phyllis, Stanley, Creed, Meredith. Waingereza hao wa nyuma ni akina nani? Keith tu ndio unakumbuka.

---

Mzee_wa_Kona

Keith usimguse. Yule marehemu Ewen MacIntosh alifariki 2024 na mpaka leo nikiona lile yai la Kiingereza lililofunikwa na nyama nakumbuka anavyokula kwenye meza yake taratibu bila kupepesa macho. Ile sura yake iliyotulia ndo Kevin wa Marekani alianzia hapo kisha wakamgeuza mtoto mdogo asiyejua hesabu. Misimu ya mwanzo Kevin alikuwa mtu. Mwishoni hata uhasibu wenyewe hajui maana yake. Hilo ndo tatizo la epsodi 201, mtu anabaki kichekesho kimoja kinarudiwa.

---

Fundi_Antena

Naomba niingie upande wa biashara maana hapo ndo jibu lilipo na hakuna aliyeligusa.

Komedi ya Uingereza kwa kawaida inaandikwa na mtu mmoja au wawili, epsodi sita kwa mwaka, wakichoka wanaacha. Fawlty Towers ilikuwa epsodi 12 tu, 1975 na 1979, na mpaka kesho wanaisifia. Gervais na Merchant waliandika zote 14 wao wenyewe, wakasema basi, hakuna wa kuwabishia. BBC haina matangazo katikati kwahiyo epsodi ina nusu saa kamili, unaweza kuacha watu wakae kimya sekunde kumi na hakuna anayekusukuma.

Marekani epsodi ni dakika 22 hivi, nyingine ni matangazo. Msimu unahitaji zaidi ya epsodi 20. Na hela kubwa ya zamani ilikuwa kuuza marudio kwa vituo vingine, na vituo vilikuwa vinataka komedi iwe na epsodi kama 100 ndo wainunue. Kwahiyo unaajiri chumba kizima cha waandishi, na The Office walifanya jambo zuri hapo, waandishi wengine wakawa waigizaji pia, B.J. Novak ndo Ryan, Mindy Kaling ndo Kelly, Paul Lieberstein ndo Toby. Epsodi ya pili ya Marekani, ile ya semina ya ubaguzi ambayo Kelly anampiga Michael kofi, Novak aliiandika, na ni ya kwanza ambayo haikutoka Uingereza. Ukiangalia hapo ndo wanaanza kupumua.

Sasa fikiria, una epsodi 100 za kujaza. Huwezi kuwa na bosi ambaye mtazamaji hataki kumwona tena. Huwezi kuwa na kijana ambaye kila wiki maisha yake yanaliwa. Lazima kuwe na joto, lazima mtu atamani kurudi. Soko lilichagua familia. Na lilichagua sawa kibiashara, maana mwisho wa 2005 zilipoanza kuuzwa iTunes zikapata watu wapya vijana, tuzo ya Emmy ya komedi bora wakaichukua 2006, na mwaka 2020 watu wamekaa ndani na korona, Nielsen, kampuni inayopima watazamaji, wakahesabu dakika zaidi ya bilioni 57 zimeangaliwa Marekani kwenye strimingi, hakuna kipindi kilichoifikia mwaka ule. Watu walikuwa wamefungiwa nyumbani bila ofisi, wakaenda kuangalia ofisi.

---

Binti_Pongwe

Hiyo sentensi ya mwisho ya Fundi imenikaa.

Mimi swali langu ni kuhusu hao wapiga picha. Kwenye ya Marekani hivi ni dokyumentari gani inarekodiwa miaka tisa? Hilo huwa linanitoa kwenye mchezo.

---

Mkaa_Dirishani

Binti umegusa kitu kinachonikera na hakisemwi. Uingereza miaka ya 90 mwishoni BBC walikuwa wanarusha vipindi vingi vya kufuatilia watu wa kawaida kazini, uwanja wa ndege, shule ya udereva, na wale watu wakawa mastaa wadogo wa mwaka mmoja, wanaalikwa kufungua maduka, halafu wanasahaulika. Gervais na Merchant waliandika kuhusu hilo hasa. Brent anajua kuna kamera na anaona ndo mlango wake. Kila kitu anachofanya anaifanyia ile lenzi. Ndo maana akishaondolewa, Krismasi tunakuta dokyumentari imesharushwa, nchi imemwona, na ye anazunguka kwenye gari akiuza vifaa vya usafi na usiku anaenda kwenye klabu kujionyesha kwa hela ndogo mbele ya walevi wanaomzomea, na analalamika kwamba walimkata vibaya kwenye uhariri. Kamera ni mhusika pale. Imemponza.

Ya Marekani kamera inakuwa mazoea tu, wanaizoea kama feni ya dari, mpaka msimu wa 9 ndo wanakumbuka kurusha hiyo dokyumentari. Kwa muda mrefu Jim anapoangalia kamera anakuangalia wewe rafiki yake. Tim anapoangalia kamera anaomba shahidi.

Na hapo nifike kwenye tukio la kuondolewa kazi maana bila hilo uzi haujakamilika. Siku ya kuchangisha hela za hisani ofisini, Brent amevaa lile vazi la kuonekana amepanda ndege mkubwa kama mbuni, miguu ya bandia inaning'inia, na mabosi wake Neil na Jennifer wanamwita kumwambia imekwisha. Anapewa habari mbaya kuliko zote za maisha yake akiwa na shingo ya ndege mbele ya tumbo. Epsodi inayofuata anawaomba wasimwondoe. Sauti yake imebadilika, lile tabasamu limetoka, anaomba kabisa. Wamarekani hawakuweza kulifanya hilo kwa Michael, na sijui kama wangefanya nani angeendelea kuangalia. Michael aliondoka mwenyewe 2011 kwenda Colorado na mwanamke anayempenda, akaagana na mmoja mmoja. Ni mazuri. Lakini Brent ndo nawajua watu wa aina yake, mtu aliyejenga jina lake lote juu ya cheo na cheo kinachukuliwa saa tisa mchana.

---

DadaWaReading

Na bado wakampa utu mwishoni. Kwenye sherehe ya Krismasi yupo na mwanamke aliyekutana naye siku ile, rafiki yake Finch anamtukana yule mwanamke, na Brent ambaye misimu yote alikuwa anamchekea Finch kila uchafu, anamwambia kwa ukali aondoke zake. Sentensi moja tu. Halafu kwenye picha ya pamoja anawachekesha watu na wanacheka kweli, kwa mara ya kwanza. Wale wanaosema ile ya Uingereza haina moyo hawakufika hapo.

---

Omosh_254

Hapo nakubali, hiyo ya Finch ni kali. Lakini pia Brent na Michael walikutana, mnakumbuka? 2011, msimu wa 7, wanagongana mlangoni kwa lifti, wanapendana mara moja, wanakumbatiana, na Brent anauliza kama kuna kazi. Sekunde chache tu.

---

Mzee_wa_Kona

Na Gervais na Merchant waliwaandikia Wamarekani epsodi moja msimu wa 3, ile ya mfungwa wa zamani. Hakukuwa na ugomvi kati yao, ugomvi ni wa mashabiki.

---

Fundi_Antena

Kwa wanaotaka kuendelea, ziko nyingine. Wajerumani walianza Stromberg 2004, ofisi ya bima, bosi wao ni mkali kuliko Brent na hawakumlainisha na bado ikadumu miaka. Wafaransa walijaribu 2006, msimu mmoja tu. Australia 2024 wakamweka mwanamke kuwa meneja, Felicity Ward. Hiyo Stromberg inaharibu kidogo hoja yangu ya soko maana ilienda mpaka 2012 bila kugeuka familia, ila Wajerumani hawakuhitaji epsodi 20 kwa mwaka.

---

Binti_Pongwe

Mleta mada mi nimeiona ya Marekani tu, mara nyingi. Nikitaka kuianza ya Uingereza nianzie wapi isinishinde kama walivyosema?

---

Mkaa_Dirishani

Anza epsodi ya kwanza dada, usiruke, na usitafute Michael ndani ya Brent, utachukia. Mwangalie Tim. Epsodi tatu za mwanzo nenda na Tim na Dawn, wacha Brent awe kelele za ofisi. Ya nne ni ya mafunzo, ndo anapokwenda nyumbani kuchukua gitaa, hapo utaanza kumwona. Ya sita kuna suala la cheo na vipimo vya daktari, angalia anavyowadanganya wafanyakazi kwamba amekataa kupanda kwa ajili yao, na angalia nani anamuumbua. Msimu wa pili Neil anaingia, na ukishafika siku ya hisani usiwe unakula. Zile mbili za Krismasi zikae pamoja jioni moja, na simu iweke mbali kwenye ile ya teksi maana hakuna mtu anayeongea pale, ukiangalia pembeni umeikosa.

Ukimaliza rudi hapa useme kama bado uko na Omosh.